Jezi Nzuri Si Timu Nzuri

Siku hizi karibu kila kijiji kina timu yake. Saa kumi jioni utawaona vijana wakielekea uwanjani, huyu ana viatu, huyu hana, na mpira wao ni mmoja. Na katika miji midogo ya njiani zimefunguliwa jimu, yaani nyumba za kunyanyulia vyuma na kunyosha viungo.

Basi mtoto anarudi nyumbani asema, "Baba, nataka kuingia katika timu." Wewe wajibu nini? Wako wazazi wanaojibu mara moja, "Nenda," kwa sababu timu ile ina jezi nzuri na ilipata kikombe mwaka jana. Wako wengine wanaojibu, "Hapana, kashike jembe." Majibu yote mawili ni ya haraka mno. Ukienda mnadani kununua ng'ombe, humtazami pembe tu. Wamtazama meno na kwato, waona anavyotembea, tena wauliza ametoka zizi gani. Je, mtoto wako si zaidi ya ng'ombe?

Jembe halitoshi?

Mzazi atasema, "Sisi twalima, twachota maji, twapasua kuni. Mazoezi ya nini tena?" Neno hili lina kweli ndani yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema kwamba mtu mzima autumikishe mwili wake walau dakika 150 kwa juma, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 walau dakika 60 kwa siku. Wala halibagui kazi na mchezo. Jembe nalo lahesabiwa. Mkulima aliyeinama shambani tangu asubuhi hana deni hapo. Lakini mwenye duka ashindaye kitini, fundi wa cherehani, na kijana wa bodaboda akaaye juu ya pikipiki kutwa, hao wana deni. Shinikizo la damu na kisukari havibishi hodi.

Tena mtoto hahitaji nguvu za mwili tu. Uwanjani hujifunza kutii filimbi, kushindwa bila matusi na kushinda bila majivuno. Lakini hapo hapo aweza kujifunza bangi na kamari, ikiwa wakubwa wa uwanja ndio wenye mambo hayo. Kwa hiyo usiulize tu kama mtoto acheze au asicheze. Uliza, timu hii ni ya nani?

Mtazame kwanza mwalimu

Huko Iten, katika nyanda za juu za Kenya, alifika mwaka 1976 mtawa mmoja kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell. Alikuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Ualimu wa mbio hakuwa amesomea. Aliujifunza kwa kuwatazama wanafunzi wenyewe wakikimbia. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Peter Rono, aliyeshinda mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyeshinda mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kukimbia mbio hizo kwa kasi hiyo. Hawakutengenezwa na jezi. Walipata mlezi mvumilivu aliyekaa nao miaka.

Basi nenda mwenyewe uwanjani, siku mbili tatu, bila kutoa habari. Kaa pembeni utazame. Mwalimu afika kwa saa yake? Mtoto akikosea, hufundishwa au hutukanwa? Aliye dhaifu hupewa zamu ya kucheza, au huokota mipira tu mwaka mzima? Waulize na majirani wa huko alikofundisha kwanza.

Na liko jambo lisilo na mjadala. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pa siri, asimpe zawadi za kuficha, wala timu ikisafiri asilale naye chumba kimoja. Awe mwalimu, awe mfadhili, awe mtu mwenye cheo, sheria ni hiyo moja. Timu njema haichukizwi na macho ya mzazi. Timu imfukuzayo mzazi ina kitu inachoficha. Ukiona au ukisikia la kutia shaka, usinyamaze kwa kuona haya. Peleka habari kwa uongozi wa kijiji na kwa polisi. Tanzania na Kenya iko pia simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, nayo haina malipo.

Uwanja na saa

Ukiwa hapo uwanjani, itikise milingoti ya goli. Goli la chuma lisilochimbiwa wala kufungwa laweza kumwangukia mtoto anayelining'inia na kumwua. Pana maji ya kunywa? Mtoto akigongwa kichwa akazubaa au akatapika, hutolewa asirudi tena siku ile na kupelekwa zahanati, au humwagiwa maji na kurudishwa mchezoni? Ngurumo ikisikika, watoto huingia katika nyumba na kungoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, au hukimbilia chini ya mwembe, ambapo radi hupenda kupiga?

Mazoezi yasile saa za shule, wala yasimrudishe mtoto njiani gizani. Ikiwa yamewekwa Jumapili asubuhi, wakati jamaa nzima inakwenda Misa, mwendee kiongozi kwa adabu umwombe ayapeleke alasiri. Mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Na mabinti?

Katika vijiji vingi, tusemapo timu twafikiri wavulana tu. Lakini mpira wa pete wataka wachezaji 7 kila upande, mpira mmoja, na nguzo mbili zenye pete katika kimo cha mita 3 na sentimita 5. Fundi wa chuma wa karibu aweza kuzitengeneza. Ikiwa binti akitoka shule anachota maji na kuosha vyombo, huku kaka yake akienda uwanjani, basi kosa si la timu, ni la nyumba yetu. Wagawieni kazi sawasawa, na wote wawili watapata saa ya kucheza.

Fedha na ahadi

Timu yaweza kuwa ndogo, lakini iwe na mweka hazina, daftari na risiti. Tanzania iko sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na vyama vya michezo huandikishwa chini yake; afisa michezo wa wilaya atakueleza. Kwa jimu, lipa mwezi mmoja kwanza uone. Uliza nani atakuonyesha namna ya kuinua vyuma, na ukiuziwa unga au vidonge vya kukuza misuli, viache.

Akija mtu mwenye maneno matamu akisema atampeleka mwanao kucheza Ulaya, ila kwanza utoe fedha ya pasipoti na tiketi, simama hapo hapo. Usiuze shamba. Kanuni za FIFA zakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Tena timu ya kweli imtakayo mchezaji haimtozi fedha baba yake.

Ni kweli kwamba kijana wa kijijini aweza kufika mbali. Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo mwaka 2025. Lakini alikuwa na umri wa miaka 33, na medali yake ya shaba alikuwa ameipata London miaka minane nyuma. Atakaye kukupa kwa juma moja kile ambacho wengine wamekitafuta miaka mingi, hakupendi.

Basi wazazi, msiwaachie watoto kazi hii ya kuchagua, wala msiifanye mkiwa mmekaa nyumbani. Jumamosi ijayo, baba au mama, au wote wawili, shukeni uwanjani saa kumi. Tazameni, ulizeni, mkaridhike. Halafu mtoto akienda kucheza, aende na baraka yenu. Na nanyi mwende mara kwa mara kumtazama, hata siku timu yake inapofungwa.