Fahamu: Kipimo cha kinyama cha tezi dume kinavyofanyika
Mzee wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, anayeamka kila mara usiku kwenda kukojoa huambiwa ni umri tu. Huenda kweli tezi dume imetanuka bila saratani. Lakini kipimo cha damu cha PSA kikiwa juu, au daktari akipapasa kwa kidole na kukuta uvimbe mgumu, hatua inayofuata mara nyingi huwa kuchukua kinyama cha tezi ili kipimwe kama kina saratani. Rufaa inaweza kwenda hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, au ya Bugando, Mwanza.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Mara nyingi mgonjwa hulala ubavu, magoti kayakunja kifuani. Kifaa cha ultrasaundi, unene wake kama kidole, huingizwa njia ya haja kubwa, ganzi huchomwa, kisha sindano huchota vipande 10 hadi 12. Kila mchoto hutoa mlio, "ta!", unaoshtua kuliko unavyouma. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini au warfarini, aseme mapema.

Damu kidogo kwenye mkojo au choo kwa siku chache ni kawaida; kwenye manii huweza kuonekana wiki kadhaa. Homa, kutetemeka au kushindwa kukojoa ni hatari. Hapo umbali ndio unaotisha: aliyekwisha kurudi Kibondo asingoje basi la kumrudisha alikopimwa, awahi hospitali ya wilaya usiku huohuo, na aeleze alichofanyiwa.

Saratani ikikutwa, hupewa alama za Gleason, kwa kawaida 6 hadi 10. Mei 2025, ofisi ya Joe Biden, rais wa zamani wa Marekani, ilitangaza kuwa alama zake ni 9, na kwamba saratani imefika kwenye mifupa. Wengi wenye alama 6 hufuatiliwa tu kwa vipimo, bila upasuaji wala mionzi.