Mtoto anapoomba kujifunza karate

Wazazi wengi wa Kariakoo, Kisutu na Upanga wamewahi kusikia ombi hili: "Mama, nami nataka kwenda karate." Wengine hukataa papo hapo, wakiogopa kwamba mtoto atavunjika mkono au atakuwa mkorofi mtaani. Wengine hulipa ada bila kuuliza lolote. Yafaa mzazi achunguze kwanza, ndipo aamue.

Michezo hii si migeni kwetu

Katika miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, mwalimu kutoka Marekani, alifundisha karate ya Goju-ryu katika shule ya Zanaki hapa Dar es Salaam. Mtindo huo ni wa kisiwa cha Okinawa nchini Japani, nao uliundwa na Chojun Miyagi (1888–1953). Judo ilianzishwa mwaka 1882 na Jigoro Kano, ambaye pia alikuwa mwalimu wa shule. Katika karate mtu hujifunza kupiga na kukinga. Katika judo humshika mwenzake na kumwangusha. Yale ya sinema yasimdanganye mtoto. Mafunzo ya kweli huanza polepole.

Kabla ya kuanza

Mtoto mwenye pumu, kifafa, ngiri, ugonjwa wa moyo au selimundu asianze bila ushauri wa daktari. Mwenye selimundu akichoka sana au akipungukiwa maji mwilini huweza kushikwa na maumivu makali. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu, na mwalimu aelezwe. Kwa joto la jiji letu, hasa kati ya Desemba na Machi, kila mtoto anywe maji kabla ya mazoezi, katikati na baadaye. Asile ugali wa kushiba kisha akakimbilia mazoezini. Apumzike kama saa mbili hivi.

Mchunguze mwalimu

Nenda ukakae uangalie zoezi zima. Mwalimu mzuri huanza kwa kupasha mwili moto, kisha hufundisha kusimama, kupumua na kupiga ngumi hewani. Wa judo hufundisha kwanza namna ya kuanguka: kidevu kifuani, mkono ukipiga godoro, wala si kujizuia kwa mkono ulionyooka, maana hapo ndipo kiwiko na kifundo cha mkono huvunjika. Kuangushana kusifanyike juu ya saruji tupu.

Anayempambanisha mgeni na mwanafunzi wa miaka mingi siku ya kwanza, au anayewavunjisha watoto matofali, mwepuke. Mifupa ya mtoto bado inakua.

Mwalimu hulazimika kumgusa mwanafunzi ili amsahihishe, lakini na iwe mbele ya macho ya wote. Anayekataza wazazi kutazama, au anayetaka kumfundisha mtoto peke yake mlango ukiwa umefungwa, usimkabidhi mwanao, awe wa kike au wa kiume. Tena, mazoezi mengi huisha jioni; pangeni mapema nani atamchukua, asipite peke yake gizani.

Je, kuinama ni kuabudu?

Swali hili huwasumbua baadhi ya waamini. Wajapani husalimiana kwa kuinama, kama vile kwetu binti anavyopiga goti mbele ya mkubwa. Ni heshima kwa mwalimu na kwa mwenzako. Mkiona jambo jingine msilolielewa, mwulizeni mwalimu waziwazi.

Usafi na majeraha

Kucha zikatwe, miguu ioshwe, na kidonda kifunikwe. Nguo za mazoezi zifuliwe kila zinapotumika, kwa sababu fangasi za ngozi huambukizwa kwa kugusana na kwa magodoro. Si lazima kununua sare siku ya kwanza. Walimu wengi hukubali fulana na suruali ya michezo.

Kifundo cha mguu kikiteguka, msikichue kwa maji ya moto siku hiyo. Funga barafu katika kitambaa, weka kwa dakika 15 hadi 20, kisha mguu uinuliwe. Kama hawezi kuukanyagia, apelekwe hospitali. Aliyegonga kichwa aache mazoezi mara moja, hata akisema ni mzima, naye aangaliwe kwa makini. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kumwuma, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Asirudi mazoezini hadi daktari aruhusu.

Mpe mtoto miezi mitatu, huku ukimtazama nyumbani. Kama analala vizuri, anasoma na anawaheshimu wadogo zake, zoezi linamfaa. Akianza kuwapiga wenzake, ongea na mwalimu wiki hiyo hiyo. Na asiharakishwe kupata mkanda wa rangi nyingine: mwenda pole hajikwai.