Deogratias: sentensi ya Kilatini kati ya Ramazani na Shukuru

Majina mengi ya Kilatini yaliyofika kusini mwa Maniema pamoja na ubatizo ni maneno ya kumsifia mtu. Placide, jina la Askofu Placide Lubamba wa Kasongo, latokana na placidus, yaani mtulivu. Fidèle latokana na fidelis, mwaminifu. Patrice, ambalo kila Mkongomani analijua kwa sababu ya Lumumba, latokana na patricius, mtu wa ukoo bora wa Roma. Désiré, ambalo Mobutu alilibeba miaka mingi kabla ya kulitupa, maana yake ni aliyetamaniwa. Deogratias ni kitu kingine kabisa. Halimsifii mtoto, wala halimtaji. Ni sentensi, tena sentensi iliyokatwa kitenzi.

Katika Kilatini, mwisho wa neno ndio unaoonyesha kazi yake. Deus ni Mungu akiwa kiima, lakini Deo ni "kwa Mungu". Gratia ni neema au shukrani, na gratias ni shukrani hizo zikiwa nyingi na zikiwa yambwa, yaani kitu kinachotolewa. Kitenzi chenyewe, agimus au agamus, "tunatoa" au "tutoe", kiliachwa nje kwa sababu kila msikilizaji alikijua. Kiswahili cha misani kinaposema "Tumshukuru Mungu" kinarudisha kitenzi kilichopotea.

Jina hili ni nadra sana Ulaya. Huku kwetu si la kila nyumba, lakini hakuna anayelishangaa, si Kasongo, si Kabambare, na ukivuka kwenda Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania utalikuta kote. Kwa nini jina ambalo Wazungu wenyewe hawalipendi limekaa vizuri hivi kwetu? Jibu la haraka ni "wamisionari". Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu, kwa maana wamisionari walileta orodha ndefu ya watakatifu na mengi ya majina yale yalikufa kitabuni.

Tuanze hata hivyo na nusu hiyo. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakapewa kituo cha Mpala mwaka 1885, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamefika Kasongo. Waliukuta mji uliokuwa na historia yake. Hapo ndipo Tippu Tip alipokuwa na makao yake, na ingawa majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka tarehe 22 Aprili 1893, Uislamu na Kiswahili havikuondoka na mabwana wa zamani. Ndiyo maana hadi leo Ramazani, Shabani, Saidi na Salumu ni majina ya kila siku katika eneo hili, na Ramazani na Deogratias wanaweza kuwa wajukuu wa babu mmoja bila mtu kuona ajabu.

Katika misa ya wakati ule, iliyosomwa kwa Kilatini, maneno Deo gratias yalijibiwa baada ya somo, kisha tena mwishoni, padri aliposema Ite, missa est. Mtu asiyejua neno moja la Kilatini aliyajua hayo kwa sauti, kama vile Mwislamu asiyesoma Kiarabu anavyojua alhamdulillahi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporuhusu lugha za wenyeji kwa hati ya tarehe 4 Desemba 1963, jibu lile lilitoweka polepole katika vinywa vya waumini. Jina likabaki. Kwa hiyo vijana wengi wanaoitwa Deogratias leo wamebeba kipande cha ibada ambacho wao hawakuwahi kukisikia kikitumika.

Lakini kusikika tu hakutoshi. Kyrie eleison ilisikika pia, na Dominus vobiscum, na hakuna aliyempa mtoto majina hayo. Hapa ndipo muundo wa jina unapoingia, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu muhimu.

Katika lugha nyingi za Kibantu za ukanda wetu, jina la mtu linaruhusiwa kuwa sentensi kamili. Kirundi kina Nshimirimana, "namshukuru Mungu". Kinyarwanda kina Habimana, "Mungu yupo", na Hakizimana, "Mungu ndiye aokoaye". Kiswahili cha mashariki ya Kongo nacho kimezaa majina ya namna hiyo: Asifiwe, ambalo ni kitenzi chenye kiambishi cha nafsi na kauli ya kutendwa, Byamungu, "vya Mungu", Shukuru, na hata Aksanti, ambalo mgeni kutoka Dar es Salaam hudhani ni mzaha. Mzazi aliyezoea kumwita mwanawe Aksanti hahitaji kufundishwa namna Deogratias linavyofanya kazi. Majina hayo mawili yana umbo moja: neno la shukrani linalosemwa mtoto anapozaliwa, na anayeshukuru ni mzazi. Mtoto ndiye sababu ya shukrani, na ndiyo maana hatajwi ndani ya jina lake mwenyewe.

Mfano mmoja wanaujua wasomaji wa Tracy Kidder, aliyeandika mwaka 2009 habari za Deogratias Niyizonkiza, Mrundi aliyekimbia vita akaja kujenga kituo cha afya nchini mwake. Tazama majina yake mawili yakiwa pamoja. La kwanza ni sentensi ya Kilatini ya kushukuru. La pili ni sentensi ya Kirundi ya kutumaini, kwamba ni Yeye atakayeniokoa. Hayagombani hata kidogo.

Sasa kuna jambo ambalo mara nyingi huachwa nje tunapojadili majina "ya kigeni". Deogratias halikutungwa Paris wala Roma. Waliojulikana kwa jina hilo zamani ni watu wa Afrika ya Kaskazini. Augustino, aliyekuwa askofu katika Algeria ya leo, aliandika kitabu kuhusu namna ya kuwafundisha wanaoanza imani kwa ombi la shemasi Deogratias wa Karthago, mji ulio katika Tunisia ya leo. Baadaye, katika karne ya 5, Karthago ilipata askofu aliyeitwa Deogratias. Aliyemtangulia aliitwa Quodvultdeus, "anachotaka Mungu", sentensi nyingine nzima. Mtoto wa Augustino mwenyewe aliitwa Adeodatus, "aliyetolewa na Mungu".

Mtindo huo una mizizi mirefu kuliko Ukristo. Kabla ya Kilatini, watu wa Karthago walisema Kipuniki, lugha ya Kisemiti, na majina yao yalikuwa na mungu ndani yake: Hasdrubali ni "Baali amesaidia", Hanibali ni "Baali amenifadhili". Walipobadili lugha na dini hawakubadili tabia ya kuita watoto. Waliendelea kumtia Mungu ndani ya jina, sasa kwa maneno ya Kilatini. Kwa hiyo Kilatini hapa ni vazi. Namna ya kufikiri ni ya watu wa pwani ya Afrika.

Habari za Askofu Deogratias zimeandikwa na Victor wa Vita, na mtu wa Kasongo akizisoma hawezi kutulia. Mwaka 455 Wavandali waliiteka Roma, wakarudi Karthago na mateka wengi, wakawagawana, mume huku na mke kule, watoto kwingine. Deogratias aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe na familia zisitengane. Aligeuza makanisa mawili makubwa kuwa mahali pa kulaza wagonjwa. Miaka zaidi ya 1400 baadaye, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ambaye tangu 1884 alikuwa askofu mkuu wa Karthago hiyo hiyo, alizunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa iliyokuwa ikipita katika nchi yetu ya Maniema.

Nisieleweke vibaya. Jina halikusafiri kwa miguu kutoka Karthago hadi Kabambare. Lilipanda meli na Wafaransa. Tena mapadri waliowakomboa watoto kandokando ya Tanganyika ndio waliowabatiza na kuwapa majina mapya, na mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama jina la mama yake lingetosha. Mtu akikataa jina la ubatizo kwa sababu hiyo, ninamwelewa.

Ninachokataa ni hoja rahisi ya mwaka 1972. Wakati wa siasa ya authenticité, Mobutu alifuta majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, na Kardinali Malula aliyepinga akajikuta nje ya nchi. Kwa miaka karibu 20 Deogratias aliitwa hivyo kanisani tu; ofisini na shuleni alikuwa na jina na postnom. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 majina hayo yalirudi hadharani. Hata hivyo Sheria ya Familia ya 1987, katika ibara ya 58, inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Je, Shukuru limo katika urithi huo? Hakuna atakayesema hapana, ingawa mzizi wake ni Kiarabu. Limeongezewa irabu, limekuwa kitenzi, linanyambulika: shukuria, shukuriwa. Basi kipimo si asili ya neno. Kipimo ni kama watu wamelifanya lao. Na kwa kipimo hicho Deogratias liko njiani.

Dalili ziko katika matamshi. Kinywa cha Kiswahili hupenda silabi ziishie kwa irabu, kwa hiyo jina refu hupata i ya mwisho, Deograsiasi, na ti husomwa si kwa njia ya Kifaransa. Nyumbani hukatwa likawa Deo, silabi mbili wazi, mkazo mahali pake. Mlatini angecheka, kwa sababu tunamwita kijana "Kwa Mungu!" Mkato huo pia unachanganya watu wawili: Deo anaweza kuwa Deogratias au Deodatus, jina linalopendwa Tanzania, na katika Deodatus silabi zile zile zina kazi nyingine, "na Mungu". Sarufi ya Kilatini ilitofautisha kazi hizo mbili. Sisi tumezifuta bila hasara yoyote.

Tanzania wamekwenda mbele zaidi. Huko wengi huandika Deogratius, kama kipa wa zamani wa Yanga, Deogratius Munishi. Kwa sarufi ni kosa, kwa maana -as ni mwisho wa nomino ya jinsia ya kike katika wingi. Lakini aliyezoea Julius na Pius anajua kwamba jina la mwanaume huishia kwa -us, naye amelinganisha. Kwetu Kongo, Kifaransa kimeilinda -as na kuongeza alama juu ya e, Déogratias. Matokeo yake, kijana mmoja anaweza kuwa Deogratias katika cheti cha ubatizo, Déogratias katika diploma, Deogratius katika karatasi alizopewa Kigoma, na kila dawati linamtaka athibitishe kwamba ni mtu yule yule. Mama yake hana tabu hiyo. Tangu siku ya kwanza anaitwa Mama Deo.