Roatán: kisiwa ambako kampuni imejitungia sheria

Crawfish Rock ni kijiji kidogo pwani ya kaskazini ya Roatán, kisiwa cha Honduras kilicho katika Bahari ya Karibi. Nyumba zake nyingi ni za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo. Wakazi ni watu weusi wanaozungumza Kiingereza, wazao wa waliohamia hapo baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza. Tangu 2020 wana jirani mpya: Próspera, eneo maalumu la kiuchumi linaloendeshwa na kampuni iliyosajiliwa Delaware, Marekani.

Jirani huyu ana kanuni zake za kazi na za biashara, na kituo chake cha usuluhishi chenye majaji wastaafu kutoka Arizona. Kodi nazo ni zake. Kampuni iliyojiandikisha humo hulipa takriban asilimia 1 ya mapato ghafi, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 2.5. Kwa sheria za kawaida za Honduras, kodi ya faida ya kampuni ni asilimia 25 na ya mauzo ni asilimia 15.

Wageni husafiri hadi humo kudungwa tiba za jeni ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani haijaziidhinisha. Moja imeuzwa kwa dola 25,000. Miongoni mwa waliotia fedha zao katika Próspera kupitia mfuko wa Pronomos ni Peter Thiel na Marc Andreessen, matajiri wakubwa wa teknolojia. Kijijini, hoja iliyowasha moto ilikuwa maji: mabomba yaliyotokana na msaada wa Próspera yaligeuka kuwa chanzo cha ugomvi, maana anayeshika koki ndiye anayeshika na usemi.

Haya hayakuanza kwa bahati mbaya. Mwaka 2009 mwanauchumi Paul Romer alipendekeza nchi maskini zitenge ardhi ya kujengea miji yenye sheria mpya. Honduras, iliyokuwa imetoka kwenye mapinduzi mwaka huohuo, ikalidaka wazo hilo na kulitungia sheria. Oktoba 2012 Mahakama ya Juu ikaifuta, na Romer mwenyewe alikuwa ameshajitoa akilalamikia ukosefu wa uwazi. Desemba Bunge likawafukuza majaji wanne walioipinga, na mwaka 2013 sheria ya aina ileile ikapita kwa jina jipya la ZEDE, aina ya maeneo ambayo Próspera ni mojawapo. Spika aliyeisukuma, Juan Orlando Hernández, baadaye akawa rais. Mwaka 2024 mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa biashara ya dawa za kulevya, ingawa Rais Trump alimsamehe mwaka uliofuata.

Sheria ya ZEDE iliruhusu serikali kutwaa ardhi ya watu ili kupanua maeneo hayo. Próspera imeahidi kutoitumia njia hiyo. Lakini mvuvi asiye na wakili atalala vipi usingizi kwa ahadi ya kampuni, wakati sheria inasema vingine? Wanakijiji wanasema walielezwa kwamba unakuja mradi wa utalii, hawakuambiwa habari za mamlaka yenye sheria zake. Honduras iliridhia mwaka 1995 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaotaka jamii za asili na za kikabila zishauriwe kwanza.

Wenye Próspera hujibu kwamba wameleta ajira na mtaji ambao serikali haikuweza kuuleta. Ajira zipo, na katika nchi ambayo vijana wake wanakwenda Marekani kwa miguu, hilo si jambo la kubezwa. Tatizo liko kwenye kura. Katika baraza la watu tisa linaloongoza eneo hilo, wanne huteuliwa na kampuni, na uamuzi huhitaji theluthi mbili. Bila mteule hata mmoja wa kampuni, hakuna kinachopita.

Aprili 2022, chini ya Rais Xiomara Castro, Bunge lilifuta ZEDE kwa kauli moja. Desemba, Próspera ikaishtaki Honduras mbele ya ICSID, kituo cha usuluhishi wa uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, ikidai karibu dola bilioni 10.8, kiasi kinachokaribia theluthi mbili ya bajeti ya nchi kwa mwaka. Hoja yake ilikuwa kwamba iliahidiwa uthabiti wa kisheria kwa miaka 50. Septemba 2024 Mahakama ya Juu ya Honduras ikatamka kwamba ZEDE zinakiuka katiba, lakini shughuli katika eneo hilo hazikusimama.

Mbele ya ICSID, serikali iliomba kampuni ipite kwanza katika mahakama za Honduras. Februari 2025 wasuluhishi walikataa ombi hilo. Katika shauri hilo pande ni mbili tu, mwekezaji na serikali. Wakazi wa Crawfish Rock si mojawapo.