Takwimu za Faharasa na Maneno Adimu

Mtafiti akusanyaye maneno ya Kiswahili katika hifadhidata ya kompyuta aghalabu hupatwa na jambo hili: mkusanyo ukiwa mdogo, maswali yake hujibiwa mara moja, ukikua, swali lile lile huchukua muda mrefu. Hapo wengi huilaumu faharasa, wakaijenga upya, wala wasipate nafuu. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba mara nyingi kosa halimo katika faharasa yenyewe, bali katika takwimu zinazoiongoza injini kuichagua au kuiacha. Mfano wetu ni injini iitwayo PostgreSQL.

Injini hii haihesabu jedwali zima ili kupata takwimu zake. Huchukua sampuli, kwa desturi mistari 30,000, na kwa hiyo hukisia jedwali lina maneno mangapi yaliyo mbalimbali. Kisio hilo lafaa kwa vitu vilivyogawanyika sawasawa. Lakini lugha haikugawanyika hivyo: “na”, “ya” na “wa” hujirudia kila ukurasa, ilhali maneno mengi mno huonekana mara moja au mbili tu, na hayo ndiyo sampuli isiyoyanasa.

Tuseme mkusanyo una mistari 10,000,000, neno moja kwa kila mstari, na maneno yaliyo mbalimbali ni 200,000. Sampuli yaweza kuifanya injini iamini kwamba ni 8,000 tu. Basi hudhani kila neno adimu latokea mara mamia. Ikipewa orodha ya maneno adimu 1,000 iyatafute, yaweza kuona ni afadhali kusoma jedwali zima tangu mwanzo hata mwisho kuliko kupitia faharasa. Jibu litakuwa sahihi. Njia ndiyo mbaya.

Kwanza yapasa kupima. Amri ya EXPLAIN ANALYZE huonyesha idadi ya mistari iliyotazamiwa na iliyopatikana kweli. Zikiachana mno, takwimu zashukiwa. Pili, jedwali lihesabiwe upya kwa amri ya ANALYZE, hasa baada ya kuingiza vitabu vingi kwa pamoja. Injini hufanya hivyo yenyewe pia, lakini yaweza kuchelewa. Tatu, kiwango cha takwimu cha safu ile, ambacho kwa desturi ni 100, chaweza kupandishwa hata 10,000. Sampuli ni mara 300 ya kiwango hicho. Nne, mtafiti aweza kuyahesabu maneno yote mwenyewe, akaiwekea safu idadi hiyo katika n_distinct. Wala haitatumika mpaka ANALYZE ifanywe tena.

Hata hivyo, idadi iliyowekwa kwa mkono haiongezeki vitabu vinapoongezeka. Aliyeiweka hana budi kuirudia, la sivyo atakuwa ameondoa kosa la mashine na kuweka lake mahali pake.