Uliza Kwanza Kuhusu Daftari la Deni

Kazi yangu ni kufunga hesabu za maduka ya chakula mjini Garissa, mengi yakiwa karibu na soko la Mugdi na mitaa ya Bulla Iftin. Wauzaji wa mashine za mauzo wamekwisha kunizoea. Wakifika hufungua kompyuta, huokota pakiti ya majani chai, huipitisha mbele ya skana. Mashine inalia, bei inatokea, risiti inachomoza. Mwenye duka anatabasamu. Mimi huuliza: deni linaandikwa wapi?

Maana duka la chakula hapa kwetu linaishi kwa deni. Mfugaji wa upande wa Balambala huchukua gunia la sukari, mchele, katoni ya baasto (spageti) na maziwa ya unga, akalipa siku atakapouza mbuzi sokoni. Mwalimu hulipa mwisho wa mwezi. Mama wa hoteli hulipa nusu leo, kidogo kesho, na kilichobaki Mungu akijalia. "Abti (mjomba), niandikie," basi, mzigo umeondoka.

Mifumo mingi imetengenezwa kwa ajili ya supamaketi, mahali ambapo mtu hatoki bila kulipa, kwa hiyo upande wa deni ni finyu au haupo kabisa. Unaotufaa sisi humpa kila mteja ukurasa wake, hupokea malipo ya vipande vipande, na humtambua mtu kwa jina la baba, la babu na la kijiji, kwa sababu akina Abdi Mohamed mjini ni wengi mno. Uwe pia unakuruhusu kumwekea kila mteja kiwango ambacho deni lake lisivuke. Ukiweza kumtumia ujumbe wa simu kila anapochukua na kila anapolipa, ugomvi mwingi unakufa kabla haujazaliwa.

Angalia pia kama mfumo huongeza asilimia fulani wenyewe deni likichelewa. Hiyo ni riba, haramu kwa wateja wetu Waislamu. Kama haiwezi kuzimwa, usiununue mfumo huo. Utabaki na mashine bila wateja. Na kwa kuwa utakuwa umehifadhi majina, simu na madeni ya watu, kumbuka kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwenye duka dogo. Orodha ya wadaiwa haibandikwi ukutani, wala si kila keshia anapaswa kuiona.

Swali langu la pili ni la gunia. Sukari unainunua kwa gunia la kilo 50, unaiuza kwa gunia, kwa kilo, nusu na robo. Unga unakuja kwa bale la pakiti 12 za kilo mbili, na mteja anataka pakiti moja. Mfumo usiojua kuvunja gunia utakuambia stoo ina magunia matatu wakati panya wanacheza kwenye sakafu tupu. Mwambie muuzaji auze robo kilo mbele yako, kisha akuonyeshe stoki imebaki ngapi. Kuhusu skana, usiitukuze sana. Bidhaa nyingi za viwanda vyetu zina msimbopau unaoanza na 616, lakini maziwa ya ngamia kwenye dumu na tende za kupima hazina. Ziandike kwa majina ambayo wateja huyatamka. Keshia anayesikia "baasto" atafute baasto, asitafute jina la Kiitaliano.

Stoki sahihi inaonekana thamani yake barabara ikikatika. Novemba 2023, mafuriko yalipofunga njia kati ya mji jirani wa Madogo na hapa mjini, mwenye kujua ana mchele wa siku ngapi alipanga mambo yake; wengine walikisia.

Halafu kuna stima na mtandao. Tuna mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa 2019, ila umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa, na stima ikipotea inapotea hata kwetu. Katika kaunti zetu za mpakani minara ya simu imewahi kulipuliwa, watu wakakaa bila mtandao. Mfumo usiouza bila intaneti haufai hapa, hata ukitolewa bure. Tableti yenye betri nzuri ni bora kuliko kompyuta kubwa. Karatasi za risiti huandikwa kwa joto, si kwa wino, kwa hiyo ukizirundika chini ya bati la Garissa zitageuka kijivu kabla hujazitumia. Ziweke chini, kivulini.

Kodi nayo. Mwenye mauzo ya bidhaa za VAT yanayofika shilingi milioni 5 kwa mwaka lazima ajisajili, na hizo ni kama shilingi 14,000 kwa siku, kiasi ambacho duka la wastani linakifikia bila kujijua. Mfumo utofautishe unga wa mahindi, unaotozwa asilimia sifuri, na sabuni ya asilimia 16, tena katika kapu moja. Uunganishwe pia na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA), kwa sababu tangu Januari 2024 shule au hoteli inayonunua kwako inahitaji ankara hiyo ili gharama yake ikubaliwe. Lakini muuzaji asikutishe kwa jina la KRA: asiyesajiliwa kwa VAT anaweza kutoa ankara kwa simu, kupitia *222#. Kwa kodi peke yake huna haja ya mashine.

Wafanyakazi? Mashine ya kwanza ya kuhesabia fedha dukani ilibuniwa na James Ritty, mwenye baa huko Ohio, Marekani, mwaka 1879, kwa kushuku wafanyakazi wake. Kwetu kaunta huwa na mpwa au mtoto wa ami, na neno la wizi huvunja ukoo. Mpe kila mmoja namba yake ya siri, na kufuta mauzo kubaki mkononi mwako.

Bei nazungumza mwisho kwa makusudi. Uliza kama unalipa mara moja au kila mwezi, na ukiacha kulipa, je, utaondoka na hesabu zako? Uliza fundi yuko wapi; wa Nairobi yuko kilomita kama 370. Wala usidhani mfumo mkubwa ni kinga: supamaketi za Nakumatt zilikuwa na kompyuta kila kaunta, na bado zilianguka zikidaiwa mabilioni.

Kwa hiyo muuzaji akija, mkaribishe chai, mpe daftari la deni lenye majina ya kubuni, zima stima na data, umwambie aingize ukurasa mmoja mzima hapo hapo. Akishindwa, amalizie chai yake aende.