Ng'ombe wa kigunzi, okapi wa kaye



Kila mwaka masomoni tunaomba watoto walete kazi ya mikono. Wakati fulani niliomba kalasi ya kwanza mnyama mmoja tu, wa namna yoyote. Mtoto mmoja akaleta ng'ombe wa udongo mzuri sana: pembe zimechongoka, mkia umesukwa. Nikamwuliza, "Hizi pembe umezishikisha namna gani?" Akatazama chini. "Mama alinunua sokoni." Mwenzake alileta kitu cha miguu mitatu. Akasema ni mbuzi, mguu wa nne umebaki njiani. Tena akatueleza kwamba aliuanika udongo juani, ndiyo sababu ukapasuka. Mara nyingine atauweka kivulini. Kalasi yote ikamcheka. Nami nikampa ng'ombe pointi nyingi kuliko mbuzi. Hizo pointi zinanisumbua hadi leo.

Ninawaelewa. Mama anarudi magharibi amechoka, mtoto anasema kazi ni ya kesho, basi kununua ni rahisi. Lakini tunapokea watoto wa miaka 6 wanaohesabu hadi mia, na bic wanaishika kama mwiko wa bugali. Mstari mmoja tu, mkono umechoka. Vidole vitatu vinavyoshika bic ndivyo vinavyopasua karatasi, vinavyoviringisha udongo, vinavyosukuma njiti katika tundu. Vikizoea tangu miaka 3 au 4, kuandika hakutakuwa mateso.

Kwa hiyo anzeni na ng'ombe wa kigunzi. Mkimaliza kula mahindi ya kuchemsha, chukua kigunzi kabla hakijakauka, maana kikikauka kinakuwa kama ubao. Mama atoboe matundu manne kwa msumari. Mtoto asukume njiti nne za ufagio, zilizokatwa sawa, na ncha zake zisuguliwe kwenye jiwe zisimchome. Kichwa ni kipande cha kigunzi kingine, kimeshikwa na njiti moja. Masikio ni ya jani kavu la mgomba. Ng'ombe akianguka upande, usimsimamishe wewe. Muulize mtoto ni mguu gani mrefu. Hapo ndipo masomo yenyewe yalipo.

Gundi hainunuliwi. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, kisha weka kwenye mbabula huku ukikoroga mpaka iwe nzito na kung'aa. Usitie unga katika maji ya moto, utapata mabonge matupu. Kazi ya moto ni ya mama; mtoto apewe gundi ikipoa.

Ng'ombe huyo huyo anaweza kuwa okapi. Watoto wetu wanachora simba na twiga waliowaona katika vitabu, na okapi hawamjui, ingawa porini anaishi katika inchi yetu ya Kongo peke yake, hasa Ituri. Mwili wake ni wa rangi ya kahawia; changanya udongo mwekundu na gundi kidogo, mtoto apake kwa kidole. Mapaja yana mistari myeupe na myeusi. Kata vipande vya karatasi ya kaye ya zamani, mtoto achore mistari kwa kaa la makala lililopoa, kisha abandike. Usisahau ulimi mrefu, mweusi, ambao okapi anautumia hata kusafisha macho yake. Watoto wanapenda sana habari hiyo, na kila mmoja atajaribu kufikisha ulimi wake machoni. Pembe zikianguka, si kitu: pembe fupi ni za dume, jike hana.

Kwa wale wa miaka 3, samaki anatosha. Chora samaki mkubwa juu ya kartoni. Mama anatwanga sombe, mtoto anapasua karatasi vipande vidogo na kubandika magamba, kimoja kimoja. Magamba yatapinda na mengine yatakuwa juu ya jicho. Yaacheni. Macho ya mnyama wa mtoto mdogo yachorwe kwa makala, yasiwe ya maharagwe wala vifungo. Haragwe linaingia puani upesi, na kulitoa ni safari ya hospitali.

Na mwalimu akiomba kazi ya mikono, mleteeni hiyo iliyopinda. Nimebadilisha namna ya kutoa pointi: kwanza ninamwuliza mtoto alifanya nini, ndipo ninaangalia mnyama.

Jambo moja tena: panya wanapenda sana gundi ya muhogo. Usiku mnyama atundikwe kwenye kamba, asiwekwe chini ya kitanda. Kwangu nyumbani wamekwisha kula okapi wawili.